Jina Nililolitaja Dirishani

Mwanangu Rukia,

Uliporudi na ile picha ya kifua waliyokutaka upige kabla ya kwenda chuoni, uliniuliza kile kivuli kidogo ambacho daktari alisema ni kovu la zamani kimetoka wapi. Nikakujibu kwamba ulipata mafua makali ulipokuwa mchanga. Ukacheka, ukasema, "Mafua hayaachi kovu, Mama," nami nikajitia kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Hayakuwa mafua. Ulikuwa na kifua kikuu, na uliugua mpaka watu wakaacha kuniuliza unaendeleaje.

Naandika kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Tangu juzi nakufuata humu chumbani, naanza, halafu najikuta nakuuliza kama umepakia kandambili. Habari za kandambili, sabuni na chandarua umezisikia mpaka umekereka, humu sitazirudia. Herufi zangu unazijua, za darasa la kisomo cha watu wazima, kila moja imelala upande wake. Vumilia usome mpaka mwisho. Unakwenda kusini, na likizo fupi utakuwa unalala kwa shangazi yako Mwanahawa. Shangazi yako ana hadithi juu yangu ambayo ameitunza vizuri miaka yote hii, na najua anangoja uwe mtu mzima aipakue mbele yako. Nataka yangu iwe imetangulia.

Ulipozaliwa tulikuwa na chumba upande wa Gerezani, kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga, ua mmoja, bomba la maji nje. Baba yako alikuwa karakana ya reli. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya Ujamaa, kila mtu ndugu, kila Jumapili mkutano, na balozi wetu wa nyumba kumi akijua nani kapika nini. Bibi yako, mama yake baba yako, alikuja kutoka Lindi kukukanda na kukuogesha mpaka arobaini iishe. Arobaini ikaisha, bibi akabaki. Sikuchukia. Alikupenda kuliko alivyowapenda watoto wake mwenyewe, na hilo hata leo simnyimi.

Lakini alikuwa anakohoa. Alikohoa asubuhi akisali, akakohoa mchana akikubembeleza, akasema ni baridi ya masika. Masika yakaisha, kaskazi ikaja, joto la Dar unalijua, na yeye bado ana baridi ya masika. Ulipoanza kula, akawa anakutafunia. Anatafuna ndizi au wali mpaka ulainike, kisha anakutia mdomoni kwa kidole. Ndivyo walivyolelewa wote, baba yako naye alilelewa hivyo, na hakuna mke wa mtu mwenye akili zake anayemwambia mama mkwe, usimtafunie mtoto wangu. Nilikuwa nimekaa pale pale naona. Nikiona damu kidogo kwenye leso yake, nafua leso.

Ukaanza kukonda. Usiku ulikuwa unatoa jasho mpaka khanga inalowa, ziwa unalivuta kidogo unaliacha, na mbavu zikaanza kuonekana. Hapa ndipo inabidi nikueleze neno moja, maana ninyi wa siku hizi mnalisikia na kucheka. Mtaani kwetu, mtoto anayenyonya akikonda bila sababu, husemwa amebemendwa. Maana yake mama yake kalala na mwanamume wa nje wakati bado ananyonyesha, na uchafu huo umemwingia mtoto. Baba naye anaweza kumbemenda mtoto, hivyo ndivyo wanavyosema, lakini sijawahi kuona baba akiulizwa. Wanawake waliokaa barazani humtazama mtoto mbavu, kisha humtazama mama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha wanaendelea kusukana.

Kwa hiyo nilikuficha. Nikitoka nakufunika gubigubi. Siku ya kliniki ya kupima uzito, ambayo mama wote wa mtaani wanapanga foleni na mtoto ananing'inizwa kwenye mizani kila mtu anaona, nilisema nina homa. Mwezi uliofuata nikasema bomba limetoa maji, nafua. Sikuwa na mwanamume yeyote, Rukia, wala sikumfikiria yeyote. Nilikuwa msafi kabisa na niliogopa kama mwizi. Wakati ule niliokuwa naokoa jina langu, ugonjwa ulikuwa unakula kifua chako, na hilo nimelikasirikia mpaka leo, najikasirikia mimi na nawakasirikia wao.

Siku uliposhindwa hata kulia, midomo ikageuka rangi pale bombani, sikumwambia mtu. Nilikuweka mgongoni nikatembea mpaka hospitali. Siku hiyo hiyo tuliingizwa wodi ya kutengwa.

Hiyo wodi ilikuwa jengo la peke yake mwisho wa uwanja wa hospitali, karibu na chumba cha kufulia. Madirisha yalikuwa na wavu wa waya, na ndugu akija anasimama nje, wewe ndani, mnaongea hivyo. Chakula kinawekwa kwenye benchi, ndugu anaondoka, ndipo unakwenda kuchukua. Vyombo vyetu vilipakwa rangi nyekundu chini ili visichanganyike na vya watu. Sisi mama tulilala sakafuni, kila mmoja kwenye mkeka wake chini ya kitanda cha mwanawe, na mikono yetu ilinuka dawa ya kuoshea hata ukila wali unasikia dawa. Sharti lao lilikuwa moja tu kubwa: mama akitoka nje ya lango, harudi ndani mpaka mtoto aruhusiwe. Msiba, ndoa, moto nyumbani, ukitoka umetoka. Wako waliotoka, maana wana watoto wengine nyumbani. Mimi nilikuwa na wewe tu.

Jirani yangu wa mkeka alikuwa Mama Eliya, Mchaga wa Kilimanjaro ambaye mumewe alikuwa na duka dogo Kariakoo. Mwanawe Eliya mlilingana naye umri. Huyo mwanamke ndiye aliyenifundisha kukamua maziwa na kukunywesha kwa kijiko ulipokuwa huna nguvu ya kunyonya. Hatukuwa na dini moja wala kabila moja, na nje ya pale tungepishana sokoni bila kusalimiana. Alikuwa mcheshi kwa namna yake. Alikuwa akisema mumewe akija dirishani huuliza habari za mtoto kwanza, halafu ufunguo wa kabati uko wapi, na kwamba siku zote jibu la ufunguo ndilo analolisikiliza vizuri.

Daktari alipokupima, swali lake la kwanza lilikuwa: nyumbani kwenu nani anakohoa? Nikamwambia. Akasema mtoto mchanga hapati ugonjwa huu hewani tu barabarani, anaupata kwa mtu anayekaa naye, na huyo bibi aletwe apimwe, apewe dawa, atapona. Nilifurahi, mwanangu. Nilidhani sasa kila kitu kimekwisha, ugonjwa umepata jina, na wala halikuwa langu.

Baba yako alipokuja dirishani nikamweleza vile vile daktari alivyosema. Hapo ndipo nilipokosa akili. Ningemwachia daktari mwenyewe amwambie. Mke kusema ugonjwa wa mtoto umetoka kwa mama mkwe, tena mama aliyeacha nyumba yake Lindi kuja kumlea mtoto huyo, ni kama kumvua nguo mbele ya watu. Baba yako hakupandisha sauti. Aliniuliza tu kama najua ninachokisema, kisha akaondoka bila kuvichukua vile vyombo vichafu vya jana.

Hakuja tena mpaka shangazi yako alipofika kutoka Lindi. Mwanahawa ndiye dada mkubwa, na kwao neno lake lilikuwa ndilo neno. Yeye hakuhitaji daktari. Alimsikiliza mama yake akilia kwamba mkamwana kamwita mchawi wa mtoto, akaangalia mambo, akaona njia. Mimi nasema mama yake anakohoa, basi yeye akasema mtoto kabemendwa. Wakaenda kwa mganga, wakaja na dawa.

Asubuhi ya siku waliyokuja, Eliya alikuwa amekufa. Mama yake hakulia. Mle wodini tulikuwa hatulii, tulikuwa tumekubaliana bila kuambiana, kwa sababu ukilia unawatia hofu wenzako ambao wao bado wana mtoto. Alimfunga kwenye kitenge chake, akaniachia beseni lake na kijiko, akaniambia usiache kumnywesha, na akatoka kwa mlango wa nyuma ambako mumewe alikuwa anangoja. Kitanda kikapigwa dawa. Nilikuwa nimekaa nakitazama kile kitanda kitupu, na wewe pembeni unahema juu juu, niliposikia naitwa dirishani.

Baba yako alisimama nyuma kidogo. Shangazi yako alikuwa mbele, ameshika kikamba cheusi chenye kifundo cha dawa.

"Wifi, dawa hii hapa," akasema. "Lakini mganga kasema haishiki mpaka utaje. Mtaje huyo mtu, mtoto apone."

Nikasema hakuna mtu. Nikaapa. Akasema kiapo cha mwanamke mwenye siri hakimponyi mtoto. Nikamwambia habari za sindano, kwamba ndiyo kwanza zimeanza na daktari kasema zitachukua muda. Akaniuliza yule wa kitanda cha pili alichomwa sindano au hakuchomwa. Alikuwa ameshasikia huko nje. Na kweli Eliya alichomwa sindano zile zile.

Nikamtafuta baba yako kwa macho. Nikamwambia, "Baba Rukia, na wewe unasema hivyo?"

Akasema, "Taja tu, yaishe."

Hayo maneno matatu nimeishi nayo. Laiti angenitukana ningempa haki yake ya hasira. Lakini hakuwa na hasira, alikuwa amechoka, na alitaka kurudi kazini.

Nikasema, "Selemani."

Shangazi yako akauliza Selemani yupi. Nikasema fundi, yule marehemu.

Selemani alikuwa fundi cherehani aliyekaa na mashine yake kwenye baraza ya nyumba yetu. Kijana mpole, hajaoa, alikufa kwa homa miezi michache kabla hujalazwa. Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana, na ananipindia khanga zangu kama anavyompindia kila mwanamke wa nyumba ile. Ulipozaliwa alikushonea kikofia cha vipande vya vitambaa vilivyobaki. Nilimchagua kwa sababu alikuwa amekufa. Nilipiga hesabu haraka pale dirishani kwamba maiti hapigwi, hafukuzwi kazi, hana mke wa kulia. Nilijiona nina akili. Shangazi yako alitikisa kichwa pole pole, akasema ndiyo maana ya kile kikofia, kisha akanipitishia kile kikamba kwenye tundu la wavu.

Nilikufunga kiunoni. Naam, nilikufunga. Muuguzi mmoja mnene wa zamu ya asubuhi alikiona. Akawa kila siku anakisogeza pembeni kwa kidole ili apate mahali pa kuchoma sindano.

Nilichosahau katika hesabu yangu ni kwamba maiti ana mama. Bi Zena, mama yake Selemani, alikuwa anauza vitumbua mtaa wa nyuma yetu. Habari ilimfikia kabla ya jua kuchwa, na kesho yake alikuwa dirishani. Nilitaka kujificha chini ya kitanda. Akakutazama wewe kupitia wavu, hakunitazama mimi.

"Mwanangu hana mdomo wa kujibu," akasema. "Mimi najua hukulala naye. Alikuwa anakula kwangu na kulala kwangu. Lakini kama wamekuambia mtoto atapona kwa jina lake, litumie. Akishapona, ulirudishe."

Akaweka vitumbua kwenye benchi, akaenda zake.

Ukapona. Haikuwa mara moja, ilichukua muda mrefu, mpaka nikawa nawajua wafagizi wote kwa majina ya watoto wao. Daktari alisema ni sindano na maziwa ya kijiko. Mtaani walisema ni kile kikamba na kukiri kwangu. Siku tulipotoka walinitazama kwa namna ya kuridhika, kama mtu aliyekubali mwenyewe kwamba yeye ni mchafu na sasa anaweza kusemeshwa. Baba yako alinipa talaka mbele ya balozi na ndugu zake, kwa ustaarabu kabisa, na balozi akasema ndugu, mambo yamekwisha kwa amani. Bibi yako hakupelekwa kupimwa. Nani angempeleka, na mwenye kosa ameshapatikana? Mwaka uliofuata alikufa anatema damu kwenye kopo, na wakasema kafa kwa aibu niliyomtia. Angeweza kupona, Rukia. Dawa zile zile zilizokuponya wewe zilikuwa pale pale hospitali. Uongo wangu ulimuua yeye kama ulivyomchafua Selemani. Nikiwachukia wakwe zangu, na nawachukia, hilo linanijia kila mara linanikata maneno.

Sasa utauliza kwa nini sikulirudisha lile jina. Tulihamia huku Kariakoo, nikaanza kuuza viungo sokoni, sikuwa mkwe wa mtu, hakuna aliyenishika ulimi. Nitakuambia na unicheke ukitaka. Niliogopa kwamba nikikana, utaugua tena. Najua sindano ndizo zilizokuponya. Nimejua siku zote. Lakini nilikuwa nimetaja, halafu ukapona, na hayo mawili yalikuja yamefuatana, na mama hajaribu mambo kwa mwanawe ili aone. Kila nilipokusudia kwenda kwa Bi Zena, wewe ulikohoa. Mtoto gani hakohoi? Lakini ulikohoa, na mimi nikavua viatu nikakaa. Ndivyo walivyonifunga, na wao wenyewe hawakujua kuwa wamenifunga vizuri namna hiyo.

Sikuambii kwamba mtu akikushikia kitu unachokitaka sana na kukutaka useme uongo ili akupe, ukatae. Ningekuwa nakudanganya tena. Ungekuwa wewe tena pale kitandani, midomo ile, mimi ningetaja mtaa mzima. Ninachokijutia ni yaliyofuata, kunyamaza nikaita heshima, nikaita kukulinda, wakati wewe ulikuwa unacheza rede uani, mzima, huhitaji ulinzi wa namna hiyo.

Ulipoleta ile picha na daktari akaandika kwamba ni kovu tu, umepona kabisa, niliingia jikoni nikalia kwa hasira. Kesho yake nikaenda kwa Bi Zena. Amezeeka, vitumbua anauza binti yake. Nikamwambia, "Bi Zena, nimekuja kulirudisha jina la mwanao."

Akaniambia binti zake wamezaa wavulana, na kila alipozaliwa mmoja aliomba aitwe Selemani, mjomba wake arudi ndani ya nyumba. Waume zao wakakataa, kila mmoja kwa wakati wake. Nani atampa mtoto jina la fundi aliyembemendesha mtoto wa mwenzake? Sasa binti zake wamekwisha kuzaa. Aliyasema hayo bila kunilaumu, akipanga vitumbua. Kisha akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema hujui.

"Na hao wa Lindi?"

Nikasema wao ndio wanaoamini kuliko wote.

"Basi bado unalo," akasema. "Kwangu unalirudisha la nini? Mimi sikuwahi kuamini."

Nimetoka pale nikapita moja kwa moja kituo cha mabasi. Najua ulitaka kusafiri peke yako, umekwisha kuwaambia rafiki zako kwamba utavuka Rufiji kwenye pantoni kama mtu mzima bila mama pembeni. Utanisamehe. Nimekata tiketi nyingine. Nitakaa kiti cha nyuma ukitaka, nijifanye hatujuani mpaka tufike.

Pale kwa shangazi yako nitamwomba amwite baba yako, aliyerudi kwao Lindi, na jirani yeyote aliyeko barazani akae asikilize, kisha nitasema. Nitasema Selemani hakunigusa. Nitasema nani alikuwa anakohoa na nani alikataa apimwe, mimi nikiwemo niliyewapa kisingizio. Huenda wakanifukuza, na huenda wakakununia hata wewe, na likizo zako ukazimalizia bwenini. Hilo nimeliwaza sana na bado nakwenda. Wewe usinitetee, usiseme lolote. Nimekuandikia haya ili usiyasikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Barabara ya kusini ina vumbi jingi na kifua chako kitawasha. Ukikohoa wakati nasema, mwanangu, kohoa tu. Sitanyamaza.

Mama yako